Kipaza Sauti na Waliochota Maji

Mpunga ukishavunwa na kuanikwa, Ipinda huingia msimu wa vikao. Kamati ya harusi hukutana jioni, chini ya mwembe au sebuleni kwa mwenyekiti, na katibu hufungua daftari. Mchele hauna mjadala. Huku ni Kyela, kila nyumba italeta debe lake. Ng'ombe ameshaahidiwa na baba mkubwa. Turubai, viti, jenereta na mafuta yake, mpiga picha, sare za wasimamizi: kalamu hutembea vizuri mpaka ifike kwenye mstari ulioandikwa MC. Hapo kikao husimama. Vijana wanamtaka yule aliyeendesha harusi ya mwenzao Mbeya mjini. Shangazi anauliza kwani ukoo huu hauna watu wenye midomo. Mweka hazina anataka kujua bei kwanza. Kisha mzee aliyekaa kimya tangu mwanzo anauliza jambo moja tu: huyo mtu, akishika maiki, atakuwa anasema kwa niaba ya nani?

Swali hilo ndilo zito kuliko yote yaliyomo daftarini. Kwa kawaida hupitwa haraka, kwa kuwa usiku umeingia na hela bado hazijatosha. Lakini lina haki ya kukaliwa kitako, maana linagusa jambo ambalo dini na hekima za watu zimelihangaikia kwa karne nyingi: watu wakikusanyika kushuhudia ahadi, nani ana haki ya kuwa sauti yao?

Sheria haimdai MC. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka hiari ya mume na mke, mfungishaji anayetambuliwa, na mashahidi wasiopungua wawili. Makanisa nayo hayamdai. Moravian na Kilutheri, yaliyotia mizizi Unyakyusa tangu 1891, yana kitabu cha ibada, wasimamizi, viapo na baraka. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, inataka mume na mke, walii, mashahidi wawili, na maneno ya kuoza na kukubali. Kote huko ndoa hutimia kabla jenereta halijawashwa.

Kinachobaki ni karamu, na karamu haikuwahi kuwa jambo dogo. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipopata habari kwamba Abdurrahman bin Auf ameoa, alimwambia afanye walima hata kama ni kwa kondoo mmoja. Na kwa Wakristo, Injili ya Yohana inaiweka ishara ya kwanza ya Yesu kwenye harusi ya Kana. Haisemi neno lolote kuhusu kiapo wala kuhusu aliyewafungisha wale wawili. Inasema habari za mezani: divai, maji, watumishi, na mtu mmoja ambaye Biblia ya Union Version inamwita mkuu wa meza.

Huyo ndiye MC wa kwanza ambaye Mkristo wa Ipinda alimsikia, muda mrefu kabla neno MC halijafika huku kandokando ya Ziwa Nyasa. Wahubiri wengi humpita mbio ili wawahi muujiza. Inafaa kurudi nyuma na kumtazama vizuri. Divai ilipokwisha, hakuwa yeye aliyegundua. Aliyegundua ni Mariamu, mama yake Yesu, aliyekuwapo karamuni. Walioinama wakajaza maji kwenye yale mabalasi sita ya mawe walikuwa watumishi. Mkuu wa meza alipoletewa akaonja, akafurahi, akamwita bwana harusi na kumsifia kwa kuiweka divai nzuri mpaka mwisho. Sifa ilikuwa ya kweli, ila ilimwangukia mtu asiyehusika. Yohana anaeleza sababu bila kuficha: mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi, wakati waliochota maji walijua.

Mwinjili hamlaumu. Karamu ile ilimhitaji mtu wa kuonja na kutangaza, naye alifanya kazi yake. Anachokionyesha Yohana ni kwamba mwenye mamlaka ya kusema alikuwa miongoni mwa waliojua kidogo kuliko wote, na kwamba ukweli wa siku ile ulikuwa mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Waliochota maji wa Ipinda wako nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sufuria nne kubwa zimekaa juu ya mafiga, na mama mmoja amejifunga kanga kiunoni. Anainua bati lenye makaa juu, mvuke wa mchele wa Kyela unampiga usoni, anachota punje mbili tatu, anazibonyeza kwa vidole, anafunika, kisha anasogeza makaa mawili upande ambao haujaiva sawasawa. Ameanza kazi hiyo tangu alfajiri. Huko mbele, spika inatangaza kwamba chakula kiko tayari kwa hisani ya kamati. Anaisikia. Anaendelea kusogeza makaa.

Katika vitabu ambavyo Wakatoliki wanavyo na Waprotestanti wengi hawavihesabu katika kanuni, kuna Yoshua bin Sira, na sura yake ya 32 inafungua kwa kumwelekeza mtu aliyeteuliwa kuisimamia karamu. Asijikweze. Awe kati ya watu kama mmoja wao, awahudumie kwanza, ndipo akae. Halafu anawageukia wazungumzaji: mzee aseme, kwa kuwa inampasa, lakini asiuzuie muziki, kijana aseme akihitajiwa, tena kwa maneno machache, na saa ya kuondoka ikifika mtu asiwe wa mwisho kutoka. Mafundisho hayo yana zaidi ya miaka 2000, na kamati yoyote ya Ipinda inaweza kumsomea mshereheshaji kama masharti ya kazi.

Neno la pale linalobeba mzigo wote ni hilo la kuwa kati yao kama mmoja wao. Hapo ndipo Bin Sira anakutana na Wanyakyusa, wenyeji wa Ipinda.

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti katika nchi ya Wanyakyusa, kuanzia vilima vya Rungwe mpaka uwanda wa ziwa. Kati ya yote waliyoyasikia, neno moja lilimkaa Monica moyoni kiasi cha kulifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company. Neno lenyewe ni ukwangala. Ni kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza na kucheka, kwa adabu na kwa usawa. Wanyakyusa waliliona jambo hilo kuwa ndiyo raha ya kuishi, tena ndiyo shule: mtu hupata akili kwa kuketi na watu. Walilijengea hata makazi. Mvulana akifika miaka kama 10 hivi alihama kwa baba yake, akajiunga na wenzake wa rika lake kujenga kijiji chao, na rika hilo ndilo lililokula pamoja na kuzeeka pamoja.

Katika ukwangala hakuna mtazamaji. Kila aliyepo ni mlaji na msemaji, na zamu ya kusema huja yenyewe jinsi kibuyu kinavyozunguka. Ukimweka mtu mmoja mwenye spika nne, mkawapanga wengine wote kwenye viti wakitazama upande mmoja, mmeandaa kitu kingine. Huenda kikawa kizuri, lakini mtu aliyekaa kiti cha nyuma karibu na nguzo ya turubai hasemi na jirani yake, kwa sababu hamsikii. Mwaka 1758 Jean-Jacques Rousseau, mzaliwa wa Geneva, aliandika barua ndefu kupinga mji wake kujengewa ukumbi wa maigizo. Kwa swali la watu watafurahi namna gani bila jukwaa, alijibu kwamba watu wenyewe ndio wawe onyesho. Inatosha kuchomeka mti katikati ya uwanja na kuwakusanya. Wazee wa Ipinda wangemwelewa mara moja.

Hata hivyo si haki kuyapamba ya zamani kupita kiasi. Usawa wa ukwangala ulikuwa wa wanaume wa rika moja. Bibi harusi hakuwa sehemu yake. Aliingia kijiji cha rika la mumewe na kukuta miiko iliyomfunga mdomo. Mama mzaa bibi harusi hakupewa nafasi ya kusimama mbele ya wanaume wa koo mbili akasema neno lake. Leo anapewa, na mara nyingi anayempa ni MC, anayelitaja jina lake na kumnyooshea kipaza sauti. Mwanamke anayetetemeka mkono huku akimuaga binti yake mbele ya watu 300, wote wakiwa kimya, ni jambo jema lililoletwa na zama hizi. Atakayewafukuza washereheshaji wote ajue anafukuza na hilo.

Kuna sababu nyingine ya wao kuja. Mila inapojulikana na kila mtu, mila yenyewe ndiyo mshereheshaji. Godfrey Wilson alieleza mwaka 1939 jinsi mazishi ya Wanyakyusa yalivyokwenda: wanawake wakilia ndani, vijana na ngoma nje, ng'ombe wakichinjwa, kila kundi likijua mahali pake na saa yake. Mkutano mkubwa namna ile uliendeshwa na desturi iliyokuwa vifuani mwa watu. Lakini hata wakati anaandika, vijana wa uwanda huu walikuwa wameshaanza kutawanyika, wakienda dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi Afrika Kusini. Wajukuu zao wako Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Bwana harusi wa leo ni Mwanakyela, bibi harusi ni Mchagga au Mkinga, wasimamizi ni wanachuo wenzao, na nusu ya wageni wameingia asubuhi hiyo kwa barabara ya lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, kilomita 39.1, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayomleta MC na spika zake. Watu hao hawana desturi moja. Lazima awepo wa kuwaambia sasa ni wakati wa ndafu, sasa ni wajomba, sasa tusimame tuombe.

Kwa hiyo mdomo wa kuazima unahitajika. Afrika Mashariki imeuzoea tangu zamani. Pwani na bara posa hupelekwa na mshenga. Kwa Baganda, siku ya kwanjula, kila upande huwa na mwogezi wake, na wawili hao hushindana kwa ufasaha mpaka jogoo apokelewe. Rwanda ina umukwe mukuru kwa upande wa bwana harusi na umusangwa mukuru kwa upande wa wenyeji. Wachagga wana mkara, anayesimama katikati ya koo mbili. Kati ya hao wote kuna sifa moja ya pamoja: asili yake alikuwa mtu wa nyumba au rafiki wa nyumba, akikosea aliitwa pembeni na wazee, na kesho yake bado alikuwa jirani. Buganda na Rwanda leo kuna wanaokodiwa kwa kazi hiyo, lakini hata wao huvaa ukoo wa aliyewakodi na kusema kama ndugu. Hicho ndicho ambacho mzee wa kamati ya Ipinda anakitafuta anapouliza habari za niaba. Anataka kujua akikosea ataitwa na nani.

Hata ngoma za ziwani zilikuwa na viongozi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, beni ilienea toka pwani mpaka kandokando ya Ziwa Nyasa ikazaa mganda na malipenga, na upande wa Kyela watu wanacheza mapenenga, vibuyu vikipulizwa kama tarumbeta. Vikundi vya aina hiyo vilikuwa na vyeo kama vya jeshi. Aliyeitwa kapteni aliwapigia wenzake kelele, akawapanga mistari, kisha akacheza nao hadi vumbi likamfika magotini.

Mahali ambapo tofauti kati ya kiongozi kama huyo na MC wa kukodiwa inaonekana kwa macho ni pale harusi nyingi za mjini huona pana raha zaidi: MC anapomwita baba wa bwana harusi acheze na mkwe wake katikati ya uwanja. Kwa Mnyakyusa wa enzi za akina Wilson jambo hilo lilikuwa haliwezekani. Monica ameandika kwa kirefu juu ya ukutila, kumwogopa mkwe. Mke wa mwana hakumtazama baba mkwe, hakuingia alimo, hakulitaja jina lake wala maneno yanayofanana na jina hilo. Akikutana naye njiani alijifunika na kugeukia pembeni. Mwiko huo umelegea sana. Siku hizi mkwe humpelekea baba mkwe chai na kumjulia hali. Lakini kilicholegea bado kipo, na mtu mzima hukihisi mwilini hata kama hana la kukieleza.

Tazama basi inavyokuwa. Spika inamtaja mzee. Mzee anaishika fimbo yake, anatazama chini. Bibi harusi anazama zaidi ndani ya shela. MC anadhani ni aibu ya kawaida, anarudia, anaomba makofi, makofi yanakuja kutoka upande wa wageni wa mjini. Upande wa wenyeji pamenyamaza. Ndipo mama mmoja wa makamo anatoka mstari wa pili, anaifungua kanga yake, anaitandaza hewani na kuingia uwanjani akicheza. Wanamfuata watatu, kisha kumi, kisha uwanja umejaa akina mama na vigelegele, na mzee haonekani tena. Hakuna aliyesema neno. Heshima ya nyumba mbili imeokolewa na watu ambao hawakuwa kwenye ratiba.

MC hakufanya uovu. Alipewa mdomo wa nyumba ambayo haikumwambia chochote kuhusu nyumba yenyewe. Kosa hilo ni la kikao, kilichojadili bei yake kwa saa nzima na hakikumpa hata nusu saa na wazee.

Wapo wanaoona dawa ni kumtafuta MC aliyeokoka. Harusi za walokole huwa na sharti hilo: asiwe mnywaji, asiseme matusi, apige nyimbo za injili. Ni sharti jema, kwa kuwa mzaha wa chumbani mbele ya wakwe na watoto ni tusi kwa wote. Lakini halimalizi jambo. MC mwongofu anaweza naye kumlazimisha mzee, na anaweza kugeuza karamu kuwa mkutano wa injili ambapo majirani Waislamu na Wakristo wa makanisa mengine wanajikuta wakihubiriwa wakati walialikwa kula. Usafi wa maneno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwajua walio mbele yako. Plutarch, Mgiriki wa karne ya kwanza, alipokuwa akijadili sifa za mkuu wa karamu, alitaka hasa hilo: amjue kila mgeni na kinachomfaa. Mnyakyusa anaweza kuanzia kwenye majina. Koo nyingi zina jina linaloanza na Mwa-, na ukiliharibu jina hilo kwenye spika umemharibu babu yake, na wote waliotoka kwake wamesikia.

Kibaya zaidi kuliko mzaha ni kusoma michango. Kuna kamati zinazompa MC karatasi ya majina na tarakimu, naye anaisoma akipandisha sauti kwa wakubwa na kushusha kwa wadogo. Yesu, katika Mathayo sura ya 6, alikataza sadaka itangulizwe na tarumbeta. Hakukuwa na spika zama zile, lakini mfano wake hauhitaji kufasiriwa. Nao Waislamu wana hadithi katika Bukhari na Muslim isemayo kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Mjane aliyetoa kilo tatu za mchele, akasikia orodha ikisomwa mpaka mwisho bila jina lake, ameachwa nje ingawa amekaa ndani ya turubai.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na onyo lao juu ya hilo. Waliamini kuna pumzi ya watu: manung'uniko ya majirani waliotendewa isivyo haki, mathalani waliokosa sehemu yao katika nyama ya shughuli, yangeweza kumletea mwenye shughuli baridi ya mwili na ugonjwa. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo, na makanisa yaliikataa. Lakini ndani yake mna wazo la kimaadili ambalo halijapata mbadala: kwamba furaha ya mwenye harusi iko mikononi mwa majirani zake, na kwamba neno lao la chini kwa chini lina uzito kuliko sifa zilizotangazwa.

Ni lazima kusema pia kwamba kazi hii ikifanywa vizuri ni huduma kubwa, na Tanzania imewaona walioifanya vizuri. Ephraim Kibonde, mtangazaji wa Clouds FM, aliendesha harusi na hafla zisizo na idadi. Mapema Machi 2019 alikuwa Bukoba, mshereheshaji katika shughuli ya kumzika Ruge Mutahaba, aliyekuwa kiongozi wake kazini. Aliugua akiwa katika safari hiyo, na tarehe 7 mwezi huohuo naye akafariki. Sauti iliyozoeleka ukumbini ilikwenda kuwashika mkono waombolezaji. Hata Ipinda leo, msibani, yuko mtu mwenye maiki anayetangaza ratiba ya maziko na kuwaomba vijana waliokaa pembeni wabebe maji. Hakuna anayemwita mburudishaji. Watu humshukuru, kwa sababu wanajua ni wa nyumbani na ana msiba kama wao.

Hapo ndipo penye jibu la swali la yule mzee wa kamati. MC wa msibani hawaamrishi watu wahuzunike. MC wa harusini mara nyingi huwaamrisha wafurahi: pigeni makofi, hamjapiga vizuri, rudieni, simameni, mbona mmepoa. Furaha ya namna hiyo hudumu muda wa makofi yenyewe. Furaha ya ndoa ina chanzo chake: watu wawili wametoa ahadi, na watu wanaowapenda wamekula mchele mmoja. Anayesimama na maiki anaweza kuifungulia njia au kuifunika kwa kelele. Hawezi kuizalisha, kama ambavyo mkuu wa meza wa Kana hakuizalisha divai.

Basi Ipinda iwe na MC? Ndiyo, iwe naye, kwa sharti la Bin Sira. Apatikane kwanza miongoni mwa watu wa hapo: mwalimu wa kwaya, mwalimu wa shule, binamu mwenye ulimi mwepesi na heshima, mama wa umoja wa wanawake anayejua koo zote hadi Matema. Anayejulikana hujua nani hasemezani na nani, mzee gani hasikii sikio la kushoto, na jina gani halitajwi mbele ya nani. Ikiwa lazima atoke mjini, alale Ipinda usiku mmoja kabla, apelekwe kwa wazee wa pande mbili, apewe majina na ayatamke mpaka wayakubali. Aelezwe mwiko wa mkwe. Apewe saa za kunyamaza, ziwe za muziki bila maneno juu yake, ili watu wageuziane viti na kuzungumza. Posa, baraka za wazazi na neno la wajomba yasemwe na wenyewe, hata kama wanasema polepole na kwa Kinyakyusa, na mtu wao awafasirie wageni. Karatasi ya michango ibaki kwa mweka hazina.

Gharama inayookolewa akipatikana wa nyumbani inaweza kuongeza ng'ombe wa pili, na huko ndiko fedha ya karamu ilikokuwa ikienda siku zote.

Na kwa kamati zitakazofungua daftari msimu huu kuna ombi moja zaidi, lisilogharimu kitu. Chini ya mstari wa MC muandike mstari mwingine wenye majina ya wapishi, yote, mmoja baada ya mwingine. Mkabidhini MC karatasi hiyo badala ya ile ya michango. Kabla keki haijakatwa, awaite kutoka nyuma ya nyumba, waje mbele ya meza kuu na kanga zao za jikoni na mikono yenye majivu, awataje kwa majina, kisha awape maiki.